Mchungaji Douglas Nicholls: kutoka kambi ya Cummeragunja hadi Ikulu ya Adelaide

Kila mwaka ligi kuu ya mpira wa Australia hutenga siku za mechi kwa heshima ya wenyeji asilia wa nchi ile, na tangu mwaka 2016 mechi hizo zimebeba jina la Sir Douglas Nicholls. Wachezaji huingia uwanjani wakiwa wamevaa jezi zilizochorwa na wasanii wa jamii za asili, na viwanja hujaa. Huku kwetu jina hilo halifahamiki sana. Tumeona inafaa tuwasimulie wasomaji wetu maisha yake, kwa kuwa alikuwa mwanamichezo bingwa, kisha mhubiri wa Injili, kisha gavana, na katika hatua zote hizo alikutana na swali lile lile: je, watu wanaompigia makofi mtu uwanjani wako tayari kuketi naye chumbani?

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika makazi ya Cummeragunja, kando ya mto Murray, upande wa New South Wales. Baba yake aliitwa Herbert Nicholls na mama yake Florence Atkinson, na yeye alikuwa kitinda mimba. Kwa kabila alikuwa Myorta Yorta, mmoja wa watu walioishi katika bonde la mto ule kwa vizazi visivyohesabika kabla ya Waingereza kufika. Cummeragunja ilikuwa makazi yaliyotengwa kwa ajili ya Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia, chini ya Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini ya New South Wales. Jina la bodi hiyo lilitaja ulinzi. Kwa kweli ilikuwa na mamlaka juu ya mahali mtu alipoishi na kazi aliyofanya, na juu ya watoto wake pia. Baadhi ya familia zilikuwa zimepewa vipande vya ardhi, zikavilima kwa mikono yao na kupata mavuno, lakini baadaye Bodi ikavitwaa tena.

Palikuwa na shule, nayo ilikuwa na sifa njema. Iliongozwa kwa miaka mingi na Thomas Shadrach James, mwalimu mwenye asili ya Kitamil aliyezaliwa katika kisiwa cha Mauritius, huku kwetu katika Bahari ya Hindi. Yeye alioa binti wa Cummeragunja na kuwafundisha watoto wa pale kusoma, kuandika na kudai haki kwa kalamu. Viongozi kadhaa wa wenyeji asilia walitoka katika madarasa yale. Hata hivyo masomo yaliyoruhusiwa kwa watoto hao yalikuwa ya ngazi ya chini tu, na Douglas aliacha shule akiwa amefika darasa la tatu.

Alipokuwa na umri wa miaka minane, polisi walikuja nyumbani kwao na kumchukua dada yake Hilda, msichana wa miaka kumi na sita, kwa nguvu. Alipelekwa Cootamundra, katika nyumba ambamo wasichana wa Kiaborijini walifundishwa kuwa watumishi wa ndani katika nyumba za wazungu. Hilda hakuwa yatima wala hakuwa ametenda kosa. Wazazi wake walikuwa hai, na ndugu zake walisimama pale wakitazama. Sheria iliruhusu jambo hilo, na maelfu ya familia za wenyeji asilia zilipatwa nalo katika sehemu kubwa ya karne ya ishirini. Twaomba msomaji alitie moyoni tukio hili, kwa kuwa mtoto aliyelishuhudia ndiye ambaye serikali ingemwita gavana baada ya miaka sitini na zaidi.

Akiwa na miaka kumi na mitatu alikwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa ya kondoo. Kazi yake ilikuwa kubeba kopo la lami na kuipaka mahali ambapo mkasi wa mkata manyoya ulikuwa umemjeruhi kondoo, ili kidonda kisiingiwe na nzi. Aliishi na wakata manyoya, watu wa kazi ngumu na ulimi mkali. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, aliyechukizwa naye, alimtaka wapigane kwa sharti kwamba atakayeshindwa atampa mwenzake mshahara wa wiki nzima. Walipigana raundi sita, na yule mtu mzima akasalimu amri.

Kabla hatujaendelea, tueleze kwa ufupi mchezo wenyewe, maana si soka tunayoijua. Ulizaliwa mjini Melbourne mwishoni mwa miaka ya 1850. Uwanja wake ni wa duara refu, na mpira una umbo la yai. Kila timu huwa na wachezaji kumi na wanane uwanjani. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na mchezaji anaweza kuudaka hewani na hata kukimbia nao, mradi auguse au kuudundisha chini mara kwa mara. Kila upande wa lango una nguzo nne. Mpira ukipita katikati ya nguzo mbili ndefu kwa kupigwa mguu ni pointi sita, na ukipita pembeni ni pointi moja. Ni mchezo wa mbio, miruko na vikumbo, na katika jimbo la Victoria unapendwa kuliko mchezo mwingine wowote.

Douglas Nicholls alikuwa mfupi mno, takriban sentimita 157 tu. Katika mchezo ambao warefu huruka juu ya mabega ya wenzao, kimo hicho kilionekana kuwa kasoro. Lakini alikuwa na kasi ya ajabu na uwezo wa kuruka uliowashangaza watazamaji, na nafasi yake ilikuwa winga, pembeni mwa uwanja, mahali panapohitaji mtu asiyechoka. Alianza kujulikana katika timu ya mji mdogo wa Tongala, na mwaka 1927 akasafiri kwenda Melbourne kujaribu bahati yake katika Carlton, mojawapo ya klabu kubwa za Ligi ya Victoria.

Yaliyomkuta Carlton yamesimuliwa mara nyingi, nasi hatuna budi kuyasimulia tena. Wachezaji wenzake hawakutaka kukaa naye chumbani. Wachuaji wa timu, ambao kazi yao ilikuwa kuchua misuli ya kila mchezaji kwa mafuta, walikataa kumgusa, wakidai kwamba ananuka. Hakuna aliyelalamikia mchezo wake. Klabu ikamwacha aondoke.

Akaenda Northcote, klabu ya ligi ya daraja lililofuata, nayo ikampokea. Huko alicheza misimu mitano. Mwaka 1929 Northcote ikatwaa ubingwa, naye akiwa mmoja wa watu waliowavuta mashabiki uwanjani siku za Jumamosi. Mwaka huohuo alionyesha miguu yake katika riadha pia, akashinda mbio za zawadi za Nyah na za Warracknabeal, miji ya mashambani ambako mashindano ya namna hiyo yalikuwa sherehe kubwa ya mwaka. Nyakati za shida ya uchumi alipigana masumbwi katika kikundi cha Jimmy Sharman, kilichozunguka na hema kutoka mnada hadi mnada, kikiwaalika watazamaji wapande jukwaani kujipima nguvu na mabondia wake. Ndivyo maskini wengi wa Kiaborijini walivyopata mkate wakati ule, na twakiri kwamba kuna jambo la kuhuzunisha katika picha hiyo ya mtu mweusi akilipwa ili wengine wapate nafasi ya kumpiga.

Mwaka 1932 alirudi katika ligi kuu, safari hii akiwa na Fitzroy. Alipoingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha kubadilishia nguo alijitenga, akakaa pembeni peke yake. Bila shaka alikuwa akikumbuka Carlton. Ndipo Haydn Bunton akainuka mahali pake, akaenda kuketi karibu naye na kuhakikisha kwamba yeye ni mwenzao. Yafaa tujue Bunton alikuwa nani. Mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa medali ya Brownlow, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora na mwenye nidhamu kuliko wote katika ligi. Angeitwaa tena mwaka huohuo wa 1932, na mara ya tatu mwaka 1935. Alikuwa nyota wa nchi nzima. Mtu wa hadhi hiyo alipochagua mahali pa kuketi, chumba kizima kilielewa. Urafiki wao ulidumu, na Nicholls aliukumbuka maisha yake yote. Vitabu vya takwimu vimehifadhi kila pointi aliyofunga Bunton. Tendo lile la kuhama kutoka benchi moja kwenda jingine halimo katika hesabu yoyote, nasi tungelitoa mfano kwa kila kijana anayevaa jezi ya timu ya parokia.

Nicholls aliichezea Fitzroy mechi 54 hadi mwaka 1937. Mwaka 1935 aliteuliwa katika timu ya jimbo la Victoria, akawa Mwaborijini wa kwanza kupata heshima hiyo. Kisha alirudi Northcote, na majeraha ya goti yakamaliza safari yake ya uchezaji mwaka 1939. Baadaye, mwaka 1947, aliifundisha timu hiyo.

Katika miaka hiyo ya uwanjani jambo jingine lilikuwa limekua ndani yake. Florence, mama yake, alikuwa mwanamke wa sala, na ile imani aliyoipanda kwa mwanawe huko Cummeragunja haikufa. Douglas alijiunga na Kanisa la Kristo la Northcote, akaanza kuhubiri akiwa mlei, na ikawa desturi yake kucheza Jumamosi na kusimama mbele ya waamini Jumapili. Hakuwa Mkatoliki, na hatuna haja ya kumfanya awe alivyokuwa sivyo. Lakini ubatizo na Maandiko aliyoyashika ni urithi wetu sote, na matendo yaliyofuata yanaeleweka kwa urahisi na kila anayezijua Heri za Mlimani.

Wakati huo watu wake walikuwa wameanza kusema kwa sauti. Mzee William Cooper, wa ukoo wake, alikuwa ameunda Umoja wa Waaborijini wa Australia na kukusanya sahihi zaidi ya 1,800 kwenye ombi kwa Mfalme wa Uingereza, akitaka wenyeji asilia wapate mwakilishi bungeni. Serikali ya Australia haikulifikisha ombi hilo kwa Mfalme. Tarehe 26 Januari 1938, wazungu waliposherehekea miaka 150 tangu kufika kwao, wenyeji asilia walikutana Sydney na kuifanya siku hiyo kuwa Siku ya Maombolezo. Nicholls alikuwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata, mwezi Februari, takriban watu mia mbili wa Cummeragunja, waliochoshwa na njaa na ukatili wa msimamizi, waliondoka kwa pamoja na kuvuka mto Murray kuingia Victoria. Wengi hawakurudi tena. Baadhi walifika Fitzroy, mtaa wa maskini wa Melbourne, wakapanga vyumba vibovu na kutafuta vibarua viwandani.

Huko ndiko Nicholls alikopata usharika wake. Mzee Cooper alikuwa amemsihi asiuache umaarufu wake wa mpira upotee bure, autumie kwa ajili ya watu wake. Vita Kuu ya Pili ilipoanza aliitwa jeshini, lakini mwaka 1942 polisi wa Fitzroy wenyewe waliomba aachiliwe, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuwafikia Waaborijini wa mtaa ule waliokuwa wakizama katika ulevi, kamari na ugomvi. Katika Mtaa wa Gore akafungua kanisa dogo, na mwaka 1943 akawa mchungaji wake. Watu walikuja kusali, na walikuja pia wakiwa wamefukuzwa nyumbani, au wakiwa na ndugu aliye rumande, au wakiwa na mtoto mgonjwa.

Desemba 1942 alimwoa Gladys, mjane wa kaka yake Howard, ambaye alikuwa amefariki mapema mwaka huo kutokana na ajali ya gari. Gladys alikuwa tayari na watoto watatu. Douglas aliwachukua kuwa wake, wakapata na wengine, na nyumba yao ikawa na watoto sita, bila kuhesabu wageni waliolala sebuleni. Twaona ni haki kusema kwamba kazi nyingi inayosifiwa kwa jina la mume ilifanywa na mke huyu. Alikusanya nguo na fedha, akapika, akasimamia hosteli waliyoianzisha Northcote kwa ajili ya wasichana wa Kiaborijini waliotoka mashambani kutafuta kazi mjini. Kwa mwanaume ambaye dada yake alipelekwa Cootamundra kwa nguvu, nyumba ambayo msichana huingia kwa hiari yake na kutoka kwa hiari yake ilikuwa na maana ambayo haihitaji kuelezwa.

Mwaka 1957 alisafiri pamoja na mbunge Bill Grayden wa Australia Magharibi hadi milima ya Warburton, jangwani, ambako jamii za wenyeji ziliishi katika njaa na maradhi. Walipiga picha za filamu. Nicholls alirudi nazo Melbourne na kuzionyesha katika kumbi za makanisa na vyama, na watu ambao hawakuwahi kumwona Mwaborijini isipokuwa uwanjani walitoka mle wakilia. Katika msisimko huo kikaundwa Chama cha Maendeleo ya Waaborijini cha Victoria, naye akawa mtumishi wake wa kudumu, akizunguka jimbo zima. Mwaka 1963 serikali ya Victoria ilipotaka kuyafunga makazi ya Lake Tyers na kuwatawanya wakazi wake, alijiuzulu kutoka katika bodi ya serikali aliyokuwa mjumbe wake, akaandamana pamoja na wakazi mjini Melbourne. Vuta nikuvute hiyo iliendelea hadi mwaka 1971, ardhi ya Lake Tyers ilipokabidhiwa kwa watu waliokuwa wakiishi juu yake.

Alikuwa pia katika kampeni ya kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967. Wengi hudhani kwamba kura hiyo iliwapa Waaborijini haki ya kupiga kura. Hiyo walikwisha kuipata katika chaguzi za taifa mwaka 1962. Kura ya 1967 iliondoa katika katiba maneno yaliyozuia bunge la taifa kutunga sheria kwa ajili yao na yaliyowatenga katika hesabu ya idadi ya watu wa nchi. Zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali.

Katika mahubiri yake alipenda kutumia mfano wa kinanda: mtu anaweza kutoa sauti kwa vibonye vyeupe peke yake, au kwa vyeusi peke yake, lakini akitaka wimbo wenye upatano lazima avitumie vyote. Wazee wetu wa Afrika Mashariki huenda wanaukumbuka mfano huo kwa jina la mwingine, Dakta Aggrey wa Pwani ya Dhahabu, aliyetembelea nchi zetu mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Mfano huo uliwapendeza watu wa kizazi kimoja. Kwa kizazi kilichofuata haukutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Kiaborijini, waliovutwa na harakati za Wamarekani weusi, walianza kumwona mzee Nicholls kuwa mpole mno, mtu wa kuwabembeleza wakubwa. Maneno hayo yalimwumiza.

Na heshima za wakubwa ziliendelea kumjia. Mwaka 1957 alipewa nishani ya Dola ya Uingereza, mwaka 1968 akapandishwa daraja, na mwaka 1972 Malkia Elizabeth II akampa cheo cha Sir, Mwaborijini wa kwanza kukipata. Je, alipaswa kupiga goti mbele ya taji ambalo kwa jina lake dada yake alichukuliwa? Swali hili ni la kweli, na hatutawalaumu wanaoliuliza. Sisi twaona kwamba Nicholls alilijibu kwa namna ya mchezaji wa winga: aliuchukua mpira aliopewa na kukimbia nao upande wa watu wake. Kila cheo kilimfungulia ofisi ambayo mchungaji wa Mtaa wa Gore asingeruhusiwa kuingia, naye aliingia akiwa na orodha ya mahitaji mkononi.

Tarehe 1 Desemba 1976, kwa pendekezo la Waziri Mkuu wa jimbo, Don Dunstan, aliapishwa kuwa Gavana wa Australia Kusini. Hakuna mwenyeji asilia aliyekuwa amewahi kushika wadhifa wa namna hiyo. Yeye na Gladys wakahamia Ikulu ya Adelaide, na mwezi Machi 1977 wakampokea Malkia mwenyewe. Lakini afya yake ilikuwa imevunjika kwa kiharusi. Tarehe 30 Aprili 1977 alijiuzulu, baada ya miezi mitano tu.

Gladys alifariki mwaka 1981. Mwishoni mwa Novemba 1986, Mtakatifu Yohane Paulo II alipokutana na wenyeji asilia huko Alice Springs na kutetea haki yao juu ya ardhi na utamaduni wao, Sir Douglas alikuwa bado hai, mzee wa miaka sabini na tisa. Alifariki tarehe 4 Juni 1988 huko Mooroopna, katika mwaka ambao Australia ilikuwa ikisherehekea miaka 200 ya kufika kwa wazungu, nusu karne kamili tangu Siku ya Maombolezo.

Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa. Mwili wake haukuzikwa Melbourne wala Adelaide. Ulirudishwa Cummeragunja, kando ya mto Murray, katika ardhi ambayo miaka minne kabla ya hapo sheria ilikuwa imeirudisha mikononi mwa Wayorta Yorta.